Shemeji, Toa Mkono Kwenye Mashine Yangu!

Nilimkamata, jamani. Kwa macho yangu haya mawili!

Saa kumi na mbili asubuhi, yadi haina mtu, mdogo wa mume wangu amelala chali chini ya bawa la mashine yangu ya kukatia nyasi. Spana mkononi. Anazungusha nati nilizokaza mimi!

"Shemeji! Unafanya nini?!"

Akashtuka, akagonga paji la uso kwenye chuma.

"Aah... shem, umewahi leo."

"Nimewahi, ndiyo. Toa mkono kwenye mashine yangu!"

Ngojeni niwaeleze, maana najua kuna watakaosema nina hasira za bure.

Mimi ni dereva wa trekta. Tunakata nyasi kwenye kiwanja cha ndege ndogo, zile zinazotua juu ya majani. Trekta inavuta mashine pana yenye sehemu tatu: moja ya katikati, na mabawa mawili yanayokunjwa juu ukiwa barabarani na kushushwa ukifika kazini. Visu viko chini ya zote tatu. Mabawa yakikaa sawa na katikati, nyasi zinatoka kama zulia. Yakiinama hata vidole viwili tu, visu vinachimba udongo.

Na yalikuwa yanachimba! Wiki mbili mfululizo, tangu mashine hii iletwe. Kila nikipita naacha mistari miwili ya udongo mtupu, kushoto na kulia. Ndege ikitua hapo, tairi linazama.

Bosi alishaniita.

"Ijumaa wakaguzi wanakuja. Nikiona kidonda kimoja uwanjani, unashuka kwenye trekta."

"Bosi, mimi kila siku nasawazisha..."

"Sitaki hadithi."

Miaka sita nimekipigania kile kiti. Mwanamke peke yangu yadi nzima. Nimesomea, nina cheti! Na kila asubuhi nilikuwa nafuata hatua zote. Nazima trekta, natoa ufunguo. Napima upepo wa tairi. Nashusha mabawa kwenye sakafu ya saruji ya banda, naweka pimamaji juu ya bawa... nakuta kiputo chake cha hewa kimekimbilia upande wa nje. Mtu kanyanyua ncha za mabawa! Nazungusha nati za kupandisha na kushusha bawa mpaka kiputo kikae katikati, naweka alama ya chaki. Kesho yake, alama imehama.

Na pale yadi nani mwingine anaishi na spana mkononi kama si shemeji, fundi wetu? Tena kila mtu anasema anakitamani kiti changu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Unataka nifukuzwe, ukae wewe!"

"Shem, nisikilize. Hii mashine..."

"Usinifundishe!"

Nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Kabla ya saa mbili shemeji alikuwa anatoka getini na sanduku lake la vifaa. Kafukuzwa! Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia raha.

Nikasawazisha upya. Kiputo katikati, safi kabisa. Nikaingia uwanjani kifua mbele.

Weee!

Mita hamsini tu, visu vikaanza kulia. Nikageuka... mistari ya udongo, mipana kuliko siku zote!

Na safari hii hakuna aliyegusa mashine. Sasa nimlaumu nani?

Nikarudi bandani nataka kulia. Nikachukua mpira wa maji, nikaanza kuosha matope kwa hasira. Maji ya bawa la kushoto yakakimbilia katikati. Ya bawa la kulia nayo yakakimbilia katikati. Yakakutana kwenye mtaro, chini kabisa ya tumbo la mashine.

Nikaganda na mpira wangu mkononi.

Sakafu ya banda ina mteremko pande zote mbili, ili maji ya kuoshea yaingie mtaroni! Tairi za mabawa zilikuwa zimesimama juu, za katikati ziko bondeni. Mimi nikijiona nasawazisha, kumbe nashusha ncha za mabawa. Nikifika uwanjani penye usawa, zinachimba. Yule niliyemwita mharibifu ndiye aliyekuwa anazinyanyua zisichimbe. Yeye anatengeneza, mimi naharibu, kila siku ya Mungu!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamkuta kwa mama mkwe, anarekebisha bawaba ya mlango.

"Shemeji... kumbe ni sakafu."

Akaendelea kukaza skrubu.

"Najua ni sakafu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, shem. Siku ya kwanza kabisa nilisema tukapimie uwanjani. Ukanionyesha cheti."

Kweli nilimwonyesha. Mbele ya watu, wakacheka.

"Na bosi je? Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mke wa kaka yangu hajui kazi? Ungeshuka siku hiyohiyo. Nikaona bora niwe nakuja alfajiri, nirekebishe kimyakimya, nikitumai siku moja hutaigusa tena."

Nikalia palepale, mama mkwe ananitazama.

Nikarudi kwa bosi, nikamweleza yote bila kupunguza.

"Haya. Kati yenu wawili, Ijumaa nani akae kwenye kiti?"

Jamani, hapo ndipo nilipotaka kubadilisha maneno. Neno "mimi" lilishafika kwenye ncha ya ulimi...

"Yeye," nikasema.

Shemeji akarudishwa. Mashine tuliipimia uwanjani, mimi nimepiga magoti na rula, yeye anaelekeza: kutoka ncha ya kisu hadi ardhini, mabawa na katikati viwe sawa, na mbele pawe chini kidogo kuliko nyuma. Ijumaa akaendesha. Hakuna kidonda hata kimoja! Wakaguzi wakapitisha.

Na kiti? Kabaki nacho. Bosi kasema nitakirudia siku shemeji atakapotamka mwenyewe kwamba niko tayari. Inaniuma! Sitawadanganya, inaniuma sana. Lakini nimejitakia.

Ndugu zangu, ukimkuta mtu anagusa kazi yako, muulize kwanza kaona nini. Mimi niliuliza baada ya kumfukuzisha, na cheti changu hakikunisaidia kitu.

Haya, nitukaneni kwenye maoni, nimestahili. Ila shemeji msimsifu sana. Leo tu kashaanza kunituma chai!