Kopo la Bi Mwasiti

Haya yalimkuta rafiki yangu Thobias, nesi wa Kigoma, mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishushwa gatini kila siku. Alitumwa Ujiji kuchukua kifaa mfano wa saa, alichokuwa amevalishwa Mzee Nuhu, mkimbizi mwenye ugonjwa wa kutetemeka. Kilipima mkono wake: mchana ulitetemeka, akilala ulitulia. Mzee alikuwa amezikwa siku tisa kabla.

Mjane wake, Bi Mwasiti, alikuwa amekaa eda, kwa hiyo alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia, chumbani mwenye giza.

"Waosha maiti walimvua, nikakitia kwenye kopo la maziwa. Kichukue mwanangu, kinagonga."

Thobias alisikia bati likigongwa polepole, kama kwa kucha. Mkono ukapenyeza kopo. Alipolipokea likanyamaza.

Ofisini alifungua kumbukumbu za kifaa kwenye kompyuta. Kwa siku zote tisa za kopo, mchoro ulionyesha mkono unatetemeka. Akatafuta mahali ulipotulia. Hapakuwa na hata dakika moja ya usingizi.