Alijua Kabla Sijamwambia

"KIUNO KINABANA?"

Niliruka. Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuwa ameuleta mdomo hadi kwenye sikio langu la kulia na kupaza sauti mpaka wateja wawili waliokuwa wakichagua vitambaa wakageuka. Fundi aliyekuwa amepiga magoti akipinda pindo la gauni langu la harusi akajichoma na pini.

"Hakibani, mama," nikasema. "Mbona unapiga kelele hivyo?"

"Si nimeambiwa nikuongeleshe kwa nguvu, tena upande huu. Usione haya, mwanangu. Sikio ni kiungo tu. Mimi magoti yameniisha miaka mingapi, na mzee hajanirudisha kwetu."

Nikamgeukia.

"Nani kakwambia habari za sikio, mama?"

"Nani mwingine? Mwanangu. Tena kakusifia! Kasema umeanza hata kujifunza lugha ya ishara, kabla mambo hayajaharibika. Nikasema huyo ndiye mwanamke, anajipanga."

Nikatabasamu. Sijui tabasamu lile nililitoa wapi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili niolewe na mwanawe, na mimi sikuwa nimemwambia mwanawe neno hata moja kuhusu sikio langu.

Ukweli wenyewe ni huu: sikio langu la kushoto limekufa, na daktari alisema la kulia litafuata, pengine baada ya miaka michache. Kwa mtu mwingine ni ugonjwa. Kwangu ni riziki inayopotea. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu: naletewa rekodi za mikutano, navaa vifaa vya masikioni, nachapa neno kwa neno hadi kikohozi cha mwenyekiti. Siri hiyo tuliijua watu watatu, mimi, daktari, na dada yangu aliyenisindikiza hospitali. Daktari hamjui mchumba wangu hata kwa sura. Sasa akabaki nani?

Nilimpigia dada nikiwa bado mlangoni kwa fundi.

"Dada, kwa nini umemwambia?"

"Nimemwambia nani, nini?"

"Usijifanye. Sikio langu. Mpaka mama yake anajua!"

"We! Mimi?"

"Tulikuwa watatu. Hesabu mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye redio ya mtaa? Mimi niliyekulea tangu mama alipofariki, nikakusuka nywele kila asubuhi nikachelewa shule mimi, leo nikuuze?"

"Basi ni nani?"

"Sijui! Na ukinipigia tena, uwe umeshajua."

Akakata. Siku mbili hatukusemeshana. Mchumba wangu alikuja, akacheka, akaondoka, na mimi nilimtazama kama mtu anayetazama noti asiyoiamini. Yeye alikuwa vilevile, mpole, ananiuliza nimekula nini. Sikuuliza kitu. Ukiwa unashuku, unanyamaza kwanza.

Siku ya tatu dada akaniandikia ujumbe: "Bado nina hasira na wewe. Ila jambo hili halinitoki kichwani. Huyo mkweo alisema maneno gani hasa? Niandikie yote."

Kuandika maneno ya watu ndiyo kazi yangu. Nikamwandikia kama yalivyotoka. Jibu likaja papo hapo:

"Lugha ya ishara? Ulianza lini? Mbona hata mimi hukuniambia?"

Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Kweli, sikumwambia. Sikumwambia kiumbe yeyote. Nilikuwa peke yangu nyumbani, nikatafuta kwenye kompyuta, nikaangalia picha za vidole kwa dakika kumi, nikaona uchungu, nikafunga. Nikamwandikia dada hivyohivyo.

Jioni dada akafika. Nilimfungulia mlango nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe baadaye. Iko wapi hiyo mashine?"

Mashine ilikuwa mezani. Alinipa mchumba wangu mwenyewe, mwaka mmoja uliopita, na hapo ndipo mapenzi yetu yalipoanzia. Yeye hutengeneza kompyuta za ofisi yetu, na wenzangu wote humwita Mtaalamu. Aliileta nyumbani imeshapangwa kila kitu. "Wewe washa tu, uandike," akasema. Nikawasha, nikaandika. Chini kwenye skrini kuna kisanduku cha kutafutia. Faili likipotea, naandika humo. Swali likinisumbua moyoni, naandika humohumo, nani wa kunicheka?

Na tangu hapo nikawa mwanamke wa kuonewa wivu, jamani. Nikianza kuwaza kiti cha kuegemeza mgongo, keshokutwa yake Mtaalamu anakileta. Tukitembea, anahamia upande wangu wa kulia bila kuambiwa. Wenzangu ofisini wanalalamika kuwa waume zao hawasikii hata wakipigiwa ngoma. Mimi wangu alisikia hata nisilolisema, na nilijidai nalo, siwezi kukataa.

Dada anafanya kazi katika ofisi ya shule, si mgeni wa kompyuta. Alifungua mipangilio, akasoma.

"Hii barua pepe ni ya nani?"

"Ya Mtaalamu."

"Mbona humu ndani umeingia kwa jina lake?"

"Ndivyo alivyoniwekea. Kuna ubaya?"

"Mdogo wangu! Kwetu kila mtu ana akaunti yake na neno lake la siri, hilo ndilo la kwanza kufundishwa. Unachoandika kwenye hicho kisanduku hakiishii humu. Kinatunzwa kwenye akaunti. Mwenye akaunti anaweza kukisoma popote, hata kwenye simu yake, amekaa kwa kinyozi."

Akabonyeza. Historia ya utafutaji: imewashwa. Orodha ikafunguka, ndefu, na kila mstari ulikuwa na tarehe na saa yake.

*sikio la kushoto linavuma*

*sikio likifa linaweza kurudi*

*kiziwi anaweza kuandika kumbukumbu za mikutano*

*jinsi ya kumwambia mchumba kuwa unaumwa*

Huo wa mwisho ulijirudia miezi mitatu mizima. *Maneno ya kumwambia mchumba. Niseme kabla ya harusi au baada.* Kisha siku moja saa nane mchana: *je, ataniacha akijua*.

Dada aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

"Nizime?" akauliza.

"Usizime."

"Una wazimu?"

"Kuwekwa si kusomwa, dada. Labda alisahau tu. Labda hata hajui kama vipo."

"Na mama yake kaoteshwa?"

"Nataka nijue kama anasoma," nikasema.

Nikaivuta kompyuta karibu. Maua ya harusi yetu yalikuwa waridi nyeupe. Mtaalamu alizichagua mwenyewe, akazishikilia, akagombana na wapambaji kwa ajili yazo. Nikaandika kwenye kisanduku: *waridi zinanipigisha chafya na kunivimbisha macho, nifanyeje*. Uongo mtupu. Waridi nazipenda kupita kiasi.

"Umemtegea," dada akasema.

"Nimemtegea. Na namwomba Mungu asinase."

Kesho yake nikiwa kazini, saa sita na nusu, simu ikatetemeka.

"Malkia wangu, nimebadili mawazo kuhusu maua. Waridi zimezoeleka mno. Nimewaambia wapambaji watuwekee ya vitambaa, yanapendeza na hayanyauki. Unaonaje?"

Nilivua vifaa vya masikioni nikaviweka mezani. Dada akapiga.

"Kanasa?"

"Kanasa."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nije?"

"Hapana. Hili nitalimaliza mwenyewe."

Mtaalamu alikuja nyumbani alasiri, amenyoa, ananukia vizuri. Akaketi kuliani kwangu kama kawaida yake.

"Kwa nini umebadilisha maua?" nikamuuliza.

"Si nimekwambia, zimezoeleka."

"Wiki iliyopita ulisema harusi bila waridi ni mkutano wa kamati."

Akacheka. "Mtu habadiliki?"

"Hazinipigishi chafya, Mtaalamu. Hazijawahi."

Kicheko kikamfia mdomoni. Akatazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Ulianza lini kusoma?" nikamuuliza.

"Kusoma nini?"

"Niulize hivyo tena nikutupie hicho kiti ulichoniletea."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Mwanzo haikuwa makusudi, nakuapia. Akaunti ilikuwa yangu, nikaiacha hivyo kwa haraka. Maswali yako yakawa yananitokea kwenye simu. Nikaona unatafuta kiti cha mgongo, nikasema ngoja nimfurahishe. Ulifurahi mno siku ile! Basi nikawa naangalia."

"Mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi!"

"Nilitaka kukujua! Wewe husemi. Nikikuuliza, jibu lako ni 'niko sawa', hata ukiwa unaungua. Ningejuaje?"

Hapo alinigusa, maana ni kweli. Mimi si msemaji. Lakini hata mtu asiyesema ana haki ya kuchagua siku ya kusema.

Akaona nimetulia, akapata nguvu. "Na nilijua kuhusu sikio, bado nikabaki. Sikukukimbia. Wangapi wangebaki? Hayo si mapenzi?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Miezi mitatu."

"Miezi mitatu nimetafuta maneno ya kukuambia," nikasema. "Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nimelia bafuni wewe ukiwa umekaa hapohapo. Nimeandika kwamba je, ataniacha akijua. Ukaisoma na chai yako, ukatia simu mfukoni, ukaja ukanibusu. Neno moja lingenitosha, Mtaalamu. 'Siondoki.' Mbona hukulisema?"

Akaigeuza simu yake mkononi.

"Ningelisema," akajibu polepole, "ungejua kuwa nasoma."

Mpaka leo sijawahi kusikia jibu la kweli na la kikatili kama lile. Hata yeye mwenyewe, alipolisikia likitoka, aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo uliona heri niteseke kuliko wewe ufungiwe dirisha."

"Nitafuta yote! Nakufungulia akaunti yako sasa hivi, nazima kila kitu, hata mimi sitaona. Tusiharibu. Watu wameshaalikwa."

"Na mama yako? Utamfuta na yeye?"

Akataka kunishika mkono, nikaurudisha.

"Hamia hapa," nikamwambia. "Mbele yangu. Nina jambo la kukuambia."

Akahama, akaketi.

"Naumwa," nikaanza.

"Najua, mpenzi wangu, naju—"

"Hujui. Nyamaza. Ndiyo kwanza nakuambia."

Akaniinulia macho.

"Sikio langu la kushoto halisikii tena. La kulia nalo linaelekea hukohuko. Huenda nikapoteza kazi. Naogopa sana. Nilitaka ulisikie hili kwa mdomo wangu, siku niliyoichagua mimi, halafu nikuangalie usoni nione kinachopita pale. Hicho ndicho ulichoniibia. Uso wako wa mara ya kwanza. Sasa umekwisha, na huwezi kunipa mwingine."

Machozi yalimtoka. Nami nilikuwa nalia, sitadanganya, maana nilimpenda na nadhani hata wakati ule nilikuwa bado nampenda. Nilichomoa waya, nikaikunja kompyuta, nikaiweka mapajani mwake.

"Chukua kitu chako. Mama yako nitampigia mimi, nimwambie harusi haipo."

Alisimama mlangoni muda mrefu kama mtu aliyesahau njia, kisha akashuka ngazi. Nikanawa uso. Nikachukua simu yangu, ile niliyoinunua na kuifungulia akaunti mwenyewe, nikamwandikia bosi wangu:

"Naomba tuonane kesho asubuhi. Kuna jambo kuhusu afya yangu nataka ulisikie kutoka kwangu."

Nikatuma kabla sijapata muda wa kuogopa.