Valvu ya Goodness

Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara ya Tunduma tangu asubuhi. Fides, furushi la vitenge kichwani, alikuwa akijipenyeza katikati ya matela pale binti yake wa miaka saba, Goodness, alipoketi chini ghafla.

"Inuka mama, tunachelewa."

"Nimechoka. Moyo unakimbia."

Mwanaume mmoja akatoka uvunguni mwa lori, ovaroli ya bluu imelowa grisi.

"Mulishani," alisalimu kwa Kibemba, akidhani Fides katoka ng'ambo, Zambia.

"Mimi wa Ihanda, kaka. Usinivushe mpaka bila pasi."

Akacheka, akafuta mikono, akambeba Goodness mgongoni hadi kwenye kibanda cha vitenge cha Fides. Aliitwa Osward, fundi wa malori. Njia nzima aliusikia moyo wa mtoto ukimgonga mgongoni, mbiombio.

Jioni alimpigia Fides, kwa namba aliyomwomba kibandani, kuuliza hali ya mtoto. Kesho yake akauliza hali ya mama. Wiki ya tatu aliacha kutafuta sababu.

"Umenikumbuka?"

"Kidogo. Nilipokuwa naosha vyombo."

"Basi kesho uoshe vingi."

Ni yeye aliyemsihi ampeleke mtoto Mbeya kupimwa. Daktari alipitisha kipimo kifuani, akatazama kioo cha mashine.

"Aliwahi kuumwa koo, kisha magoti yakavimba?"

"Mwaka jana. Nilimpa maji ya chumvi asukutue, yakaisha."

"Koo lisipotibiwa, wakati mwingine mwili hujishambulia wenyewe. Valvu ya upande wa kushoto wa moyo, ule mlango wa damu, imeharibika. Haifungi vizuri, damu inarudi nyuma, moyo unafanya kazi kupita kiasi. Atachomwa penisilini kila wiki nne, kwa miaka mingi."

"Atapona?"

"Valvu haitarudi kama ilivyokuwa. Tunaizuia isizidi kuharibika. Huenda baadaye akahitaji upasuaji, huenda asihitaji."

Akiwa stendi, Fides alimpigia Osward, akaeleza yote, hadi tarehe ya sindano, kwa sauti inayokatikakatika.

"Kumbe valvu tu, mpenzi?" Osward alitaka kumchekesha. "Usilie. Mimi valvu nabadilisha kila siku."

Fides alimvuta Goodness karibu.

"Mwanangu siyo lori, Osward."

Akakata. Hakupokea tena.

Siku tisa zikapita. Osward alikuwa akiacha spana, anatazama simu, anarudi uvunguni, anatoka tena. Kibandani, wateja waliuliza bei mara mbili kabla Fides hajasikia. Goodness akiinama tu kufunga viatu, mama yake alikuwa ameshasimama.

Siku ya kumi Osward alimpigia dada yake Judith, muuguzi wa Vwawa, akamweleza alichosema. Judith alimfafanulia ugonjwa wote taratibu, kisha akaongeza, "Huyo mama anajilaumu kwa lile koo. Na wewe ukamtania."

Siku ya sindano, Fides alimkuta Osward kwenye benchi la kituo cha afya, shati jeupe limepigwa pasi, kucha bado nyeusi.

"Huna kazi leo?"

"Ninayo." Akasogea wapate nafasi. "Nilisema nisichokijua, Fides. Nisamehe."

Fides alivuta kitenge chake cha manjano magotini. "Koo nililiona. Nikampa maji ya chumvi."

Osward alibaki ameketi naye mpaka wakaitwa.

Wakati wa sindano, Goodness alikishika kidole gumba cha Osward kwa nguvu, akalia, kisha akauliza, "Zimebaki ngapi?"

"Nyingi," mama yake alimwambia. "Tutakuja pamoja kwa zote."

Nje, malori yalinguruma kuelekea mpakani.

"Nataka nije Ihanda kwa wazee," Osward alisema. "Nikuoe."

"Unanihurumia."

"Nakuhurumia, ndiyo. Na nakupenda. Yote mawili yapo."

"Daktari mwenyewe hajui mbele itakuwaje."

"Najua hajui."

"Baba atakuhoji."

"Nitamjibu ninayoyajua."

"Na usiyoyajua?"

"Nitamwambia sijui."

Fides alimtazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Goodness alikuwa kati yao, akisugua paja lililochomwa.

"Njoo Jumamosi," Fides alisema hatimaye. "Uje mapema. Kwetu mvua hunyesha mchana."