Sweta ya Malo

Jua lilikuwa linazama Gaïd alipochukua funguo kwenda kufunga kanisa dogo la juu ya ufuo, na lango la birika la kale la mawe chini yake, walikofulia nguo mabibi wa kijiji. Kiangazi kizima watalii walikuwa wakilipiga picha. Sasa Oktoba, hakuna hata mmoja.

"Unamfungia nani, Gaïd?" jirani yake Perig alimtania kutoka bustanini.

"Mbuzi wako, wasije wakaungama!"

Perig akacheka. Gaïd hakucheka. Tangu Machi, bahari ilipomchukua mwanawe Malo isimrudishe, alikuwa akitania kwa mdomo tu.

Alifunga kanisa, akashuka birikani. Akasikia...

Pa... pa... pa...

Nguo inapigwa kwenye jiwe.

"Tumefunga, madamu!"

Mwanamke aliyevaa nyeusi, ameinama birikani, hakugeuka. Harufu ya mwani ilitanda... ilhali maji ya birika lile ni ya chemchemi.

"Nishikie upande mmoja, mama," alinong'ona. "Nimechoka."

Gaïd alijua. Kila mtoto wa pwani ile huambiwa: ukimkuta mfuaji wa jioni, afuaye nguo za wafu, mkamulie, kisha uachie. Usivute.

Akashika. Sweta ya buluu. Kwenye mkono wa kushoto, uzi mmoja umerukwa.

Aliuruka yeye mwenyewe alipokuwa akifuma, Malo akimchekesha.

"Haikauki," mwanamke alisema. "Nikiikamua, machozi yako yanailowesha upya. Naye anatetemeka."

"Nani?"

"Unamjua. Kamua, kisha uachie, akavae."

Gaïd alikamua. Maji yakachuruzika, yakakatika. Ikabaki kuachia.

Hakuweza.

Aliivutia kifuani, akaita, "Malo!"

Ka!

Perig alimkuta kwenye mawe, mkono umevunjika, gauni limelowa kifuani. Sweta hakuna. Alichovya kidole birikani, akalamba.

Chumvi.

"Umeteleza, dada?"

"Alikuwa anasikia baridi, Perig. Niliambiwa niachie tu... nikashindwa."

Mfupa uliunga kabla ya Krismasi. Lakini kila jioni Gaïd hushuka, akasimama kando ya birika mpaka giza liingie. Perig humfuata na koti.

"Twende nyumbani, dada. Utaugua."

"Nyamaza kidogo, nipate kusikiliza."

Husikiliza wote wawili.

Hakuna anayefua.