Mimi Pekee Nisiyemwona

Pa... pa... pa...

Usiku wa manane, na mlio huo kila aliyewahi kulea anaujua: kiganja juu ya mgongo wa mtoto, kumcheulisha baada ya kunyonya. Ila mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya shuka, mume wangu yuko safarini na lori lake, na nyumbani hamna mtu mzima mwingine.

Nikawasha taa. Mwanangu yumo kitandani mwake, macho kodo, anatazama juu ya bega langu...

Anacheka.

Ngoja nikueleze. Tangu nijifungue hakuna aliyenipigia hodi, basi nikawa naweka picha za mtoto mtandaoni, nipate hata wa kuniambia hongera. Wa kwanza kuzipenda daima alikuwa mwanamke mmoja asiye na sura, kaweka ua jeusi tu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mpweke hachagui salamu. Kisha akaandika: "Mwanangu anakua." Nikasema ni utani. Juzi akaandika: "Mwanangu leo kalalia ubavu wa kushoto." Na siku hiyo sikuwa nimeweka picha yoyote! Nikabonyeza Zuia, ua likatoweka, nikashusha pumzi.

Jana magharibi nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani kuchukua foronya.

"Mbona mwenzio unamwacha mlangoni?" akaniuliza fundi. "Mmenuniana?"

"Mwenzangu yupi, dada?"

"Si huyo anayemchezea mtoto miguu!" Akacheka. "Makubwa! Watu wanagombana huku wamegandana."

Nikageuka. Mlango mtupu. Harufu ya poda... na mimi mwanangu simpaki poda. Soksi yake moja ilikuwa imevuliwa.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nikafunga komeo, nikampigia wifi yangu. "Wifi, angalia picha za mtoto, kuna mtu kaandika kitu?"

"Tele! Kumbe umeajiri yaya, umetuficha? Haya, wenzetu mmeendelea."

"Yaya gani, wifi?"

"Huyu aliyejipiga picha na mtoto. Wewe umelala nyuma yao, mdomo wazi kama pango." Akaangua kicheko.

Kwenye simu yangu hapakuwa na kitu.

Ndipo nikaelewa. Nilidhani nimemfungia mlango, kumbe nimejifunga kitambaa machoni mimi mwenyewe, nyumba nikamwachia yeye. Kumzuia mtu si ni ili yeye asituone? Mbona niliyezuiwa ni mimi?

Basi usiku huo, hapo kitandani mwake, taa ikiwaka, mtoto akainuka.

Taratibu. Kichwa kimeegemea... hewa.

Pa... pa... pa...

Akaanza kuelekea mlangoni. Nikaruka, nikapapasa, mikono ikashika baridi tu. Komeo likasogea lenyewe. Nikaidaka simu, nikalitafuta lile ua, nikabonyeza Ondoa Kizuizi.

Nikamwona.

Kavaa gauni langu la kulalia. Uso wake siusemi. Mwanangu kamlalia begani, katulia tuli.

"Usinifanyie tena hivyo," akanong'ona. "Mimi sina mwingine."

"Nirudishie mwanangu... nakuomba."

"Hutanizuia tena?"

"Sitakuzuia."

"Na hutamwambia mtu?"

Nikaapa. Akanikabidhi mtoto, bado ana joto, ananukia poda.

Asubuhi mume wangu akapiga simu kuuliza tunaendeleaje. Nikamjibu hatujambo, tupo wawili tu. Aliyeketi ukingoni mwa kitanda akatabasamu. Na nitakwambia jambo la aibu: nyumba haikuwa kimya kama zamani.

Wewe nimekuandikia kwa sababu hunijui, na moyo ulikuwa unapasuka. Nilidhani yuko kwa mtoto, anampigapiga mgongoni. Lakini mlio umekoma, harufu ya poda iko hapa shingoni... anasoma.

Ni huyu mmoja tu niliyemwandikia, dada. Naapa kwa uhai wa mwanangu, simwambii mtu mwingine.