Herufi Moja Toka Kalengera

Ile asubuhi soko ya Birere ilikuwa na kelele yake ya kila siku. Moto za kubeba watu zinalia, wamama wanaitana toka meza moja mpaka ingine, chukudu ya mbao, imejaa makala, inashuka bila breki na mwenyewe anapiga filimbi watu wakimbie. Akonkwa alikuwa ameinama juu ya meza ya vyuma vya zamani, mukono wake juu ya antene. Njo mukono mwingine ukaishika ileile antene kwa upande wa pili.

— Achilia, papa. Nimeiona mbele yako.

— Uliiona na macho gani? Niko hapa tangu asubuhi.

— Wewe ulikuwa unaiangalia. Mimi nimekuja kuinunua.

Akainua kichwa. Amejifunga kikwembe ya manjano yenye ndege za bleu, nywele zimesukwa ndogondogo, meno yenye nafasi katikati. Mutoto wa watu alikuwa muzuri mpaka antene ikasahaulika.

— Unataka kuifanyia nini?

— Radio ya shangazi yangu, kule Kalengera. Tunatoshaka maharagi kule, tunakuja kuyauzisha huku. Rezo ya telefone ikikufa, hatujue hata kama kamio ya mizigo imepakia.

— Basi umefika kwa mwenyewe! Mimi natengenezaka visanduku vya kutuma mesaje bila rezo. Unaandika Kalengera, mimi nasoma hapa Goma.

— Unauzisha ama unatongoza?

— Vyote viwili. Unaitwa nani?

— Umugwaneza.

— Refu hivyo?

— Likikushinda, uliache.

Halikumushinda. Mbele mvua irudi, kisanduku kimoja kilikuwa kwa shangazi Kalengera, kingine kwa Akonkwa, mutaa wa Katoyi, juu ya meza karibu na kitanda. Umugwaneza akipanda kununua maharagi, mapenzi yao yalikuwa yanapita hewani.

Lakini hewa ya kule haina adabu. Milima, mvua, radi, vyote vinagonga mesaje njiani. Kisanduku kinageuza kila herufi kuwa vialama, zero na moja, zero na moja. Kialama kimoja kikigongwa, zero inakuwa moja, na herufi inaharibika. Sababu ya ile, Akonkwa alikuwa anasindikiza vialama na vingine vya ziada, vile yeye aliviitaka walinzi. Walinzi wengi, neno linafika zima. Lakini safari inakuwa ndefu, hesabu inakuwa nzito, batri inakufa.

Siku moja rezo ya telefone ikarudi kidogo, Umugwaneza akapiga.

— Allô, cheri? Mesaje yako inachukua muda kushinda kupika maharagi!

— Ni walinzi, chouchou. Wanaichunga.

— Punguza hao basoda, hao walinzi wako. Nikikuandikia bonjour, inafika bonsoir. Na pano ya jua ya shangazi inachoka, batri inazima mbele tuseme kitu.

— Nikipunguza, makosa yanaweza kupita.

— Kwani unaogopa nini? Mimi sikosee.

Akonkwa akacheka, akapunguza. Akaweka kode nyepesi, walinzi wachache tu: kialama kimoja kikigongwa ndani ya kafungu ka herufi moja, inakitengeneza yenyewe, na taa ya kijani inawaka kusema neno ni zima. Mesaje zikaanza kuruka kama samaki sambaza ndani ya mafuta.

Njo akapata nguvu ya kuandika lile lililokuwa linamukaa ku roho. «Nataka kuja kwenyu na wazee. Umeelewa maana yake?»

Akangojea. Radi ikapiga upande wa Rutshuru. Kisanduku kikalia, taa ya kijani ikawaka, neno moja likaandikika.

«Nimeolewa.»

Akasoma. Akazima, akawasha. Nimeolewa. Rafiki yake Grégoire, mwenye kutengeneza telefone kwa meza ya jirani, alipopita akamukuta ameketi kama mutu aliyepigwa na kuraa ya umeme.

— Labda ni kosa ya njiani, Akonkwa akasema.

— Taa ilikuwa rangi gani?

— Kijani.

— Basi! Mwanamuke anaweza kukudanganya. Masine haina wivu, ndugu.

Toka pale, wasiwasi ikahamia kwake na mizigo yote. Akaanza kukumbuka vitu. Umugwaneza kupokea telefone, kutoka inje, kucheka na Kinyarwanda ambayo yeye hasikie. Safari ya Kalengera ya juma moja, kurudi baada ya mbili. Kila kitu kilikuwa kitu kidogo jana, leo kimekuwa na meno. Rezo ikarudi, telefone ikalia, jina la Umugwaneza likaandikika pale. Akonkwa akaiangalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akaifunika na muto.

Umugwaneza akashuka na kamio ya maharagi, na vumbi mpaka ku kope, akaja moja kwa moja mpaka kwa mulango wa Katoyi. Alikuwa amebadilisha viatu tu, vyekundu, vya kisigino.

— Mupenzi, telefone yako imekufa?

— Bwana yako anajua uko hapa?

— Bwana gani?

— Usinichezee, muke wa watu.

Akageuza kisanduku, akamuonyesha. Umugwaneza akasoma, akasoma tena, kisha akaangua kicheko. Akaona Akonkwa hacheke. Kicheko kikamukaukia mudomoni.

— Niliandika *nimeelewa*. Uliniuliza kama nimeelewa, nikajibu nimeelewa!

— Taa ni kijani. Kosa ingekuwapo, kode ingeitengeneza.

— Kwa hiyo taa inanijua kunishinda wewe?

— Unatokaka inje kuongea na telefone. Juu ya nini?

— Sababu shangazi yangu haachake kuuliza kama ule Mushi wako, mutu wa kabila ingine, atakuja lini na wazee, na niliona haya! Akonkwa, ulisoma kwamba nimeolewa, ukashindwa hata kuniuliza mara ya pili?

Akonkwa akavuta kiti, akaandika *nimeelewa* ndani ya kisanduku, akatenga kafungu ka vialama vya ile herufi ya katikati. Akaharibu kialama kimoja: kode ikatengeneza, nimeelewa, kijani. Akaharibu viwili. Kode nyepesi, isiyoweza kutengeneza viwili, haikukubali kwamba imeshindwa. Ilitafuta herufi ya karibu, ikaharibu kialama cha tatu yenyewe ikifikiri inatengeneza. Ikaandika: nimeolewa. Kijani.

Akaondoa mikono juu ya kisanduku.

— Unaona? Umugwaneza akasema.

— Naona kwamba inawezekana, akajibu polepole. Haionyeshe kwamba njo vile ilikuwa.

— Ile, hakuna masine itakuonyesha. Ni wewe kuchagua.

Akasimama kwa mulango.

— Ukichagua kuniamini, lete wazee wako. Jibu yangu nitaisema na mudomo, mbele yao. Na sikuambie sasa ni gani.

Viatu vyekundu vikaenda vikigonga mawe ya volkano. Grégoire akamuambia ni mutego. Akonkwa akamujibu afunge kinywa.

Akapanda Kalengera amevaa shemisi ya bleu, na baba yake, baba mudogo na kreti za vinywaji. Wakapokelewa ndani ya salon ya nyumba ya muzee Habumugisha, kaka wa baba ya musichana. Umugwaneza akaletwa, amevaa mushanana, nguo ya sherehe, ya rangi ya chungwa, macho chini.

— Mutoto, hawa wageni unawajua? Kwetu tunaulizaka mara tatu, na kuwajua ni kukubali.

— Ninawajua, papa.

— Unawajua?

— Ninawajua.

Roho ya Akonkwa ikaanza kupiga hesabu yenyewe: mbili tayari, hata ya tatu ikipotea, mbili inashinda moja.

— Mara ya mwisho. Unawajua?

Umugwaneza akainua macho. Akamuangalia Akonkwa, muda murefu mpaka baba mudogo akakohoa.

— Wazee ninawajua. Ule wa shemisi ya bleu, simujue vizuri.

Muzee Habumugisha akaweka kilauri chini. Akonkwa akasikia ile sumu ya wasiwasi ya Katoyi inamupanda tena: ndiyo maana, kuna mwengine, Grégoire alisema. Akaimeza. Akasimama mbele ya watu wote.

— Umugwaneza, mimi sijaelewa. Nakuomba, rudilia neno lako.

Umugwaneza akatabasamu, ile nafasi ya meno katikati ikaonekana.

— Huyu anayeuliza, akasema, huyu ninamujua.