Ufa Nilioupaka Mafuta

Mwaka huu natimiza miaka hamsini na moja. Ni mkulima wa Masieda, wilayani Mbulu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi ya ngozi nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia, na kila nilichogundua nilikiandika kwenye daftari. Majirani huniletea mikanda ya punda wao wa mikokoteni niisafishe na kuilainisha. Wananiita fundi makini. Ndugu wasomaji, someni hadi mwisho, kisha muone kama jina hilo linanifaa...

Utaratibu wangu ni huu. Naondoa matope kwa kitambaa kibichi, naosha jasho kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha natundika kivulini siku mbili. Mkanda ukikauka, naupaka mafuta ya mkia wa kondoo. Mwisho naukunja, tundu kwa tundu, nikitafuta ufa.

Siku mbili kivulini. Sheria hiyo iko ukurasa wa kwanza wa daftari, nimeipigia mstari mwenyewe.

Masika iliyopita mdogo wangu Tluway aliniletea mikanda yake ikiwa imelowa chapachapa. Baada ya siku tatu alitaka kumpeleka mama kliniki ya macho. Nikamwambia ataikuta tayari. Lakini nilikuwa na maharage ya kuvuna kabla mvua haijayaozesha, na mikanda nikaisahau kwenye ndoo. Nilipokumbuka, ilibaki jioni moja tu.

Kwa nini sikumwambia? Angeahirisha safari, basi. Lakini niliona aibu. Nikaitundika juu ya mafiga, pale tunapohifadhi mahindi ya mbegu. Mbegu hukaa pale kwenye moshi mwaka mzima bila kuharibika, nikajidanganya kwamba ngozi nayo itavumilia.

Asubuhi mikanda ilikuwa migumu kama ubao. Niliukunja ule unaopita nyuma ya mapaja ya punda, unaozuia mkokoteni usimsukume kwenye mteremko. Kwenye tundu la tatu nikauona ufa. Niliuona kwa macho yangu! Nikachanganya mafuta na masizi, nikasugua mpaka ukapotea.

Tluway alifika na mkokoteni, mama akiwa ameketi juu ya majani, pembeni yake magunia mawili ya vitunguu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Aliugeuzageuza mkanda, akacheka. "Umeung'arisha hivi, leo punda ataanza kuniringia. Umekagua?"

"Nimekagua."

Mama akadakia, "Ungenipaka na mimi hayo mafuta, fundi, magoti yanalia. Twende baba, jua linapanda."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema.

Kwenye mteremko mkanda ulikatika. Mkokoteni ulimsukuma punda, akaruka pembeni, ukapinduka. Tluway alirushwa kwenye majani. Mama alibaki chini ya mbao. Tulimfikisha hospitali akiwa hai... siku ya pili akafariki.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa. Wakanipa vipande vya mkanda. "Wewe ndiye mwenye ujuzi. Tuambie."

Kingo za ufa wa zamani zilikuwa nyeusi kwa masizi, na palipokatika siku ile palikuwa peupe. Pale kikaoni ni mimi tu niliyejua maana yake. Nikasema, "Mkanda ulikuwa mzima. Mzigo ulizidi."

Tluway hakubisha. Alisema, "Kama kaka amesema, basi ni mimi."

Aliuza punda. Akaacha kwenda kanisani. Akakonda mpaka nguo zikamning'inia. Mke wake akanijia akilia. "Shemeji, anaongea peke yake shambani. Anamwomba mama msamaha. Njoo umwambie neno, wewe anakusikiliza."

Mimi! Ningemwambia neno gani?

Nilivumilia miezi mitano. Kisha nikaenda kwake na vile vipande, nikaeleza yote mbele ya mke wake. Tluway alipitisha kidole gumba kwenye ufa, akatazama masizi yaliyobaki kwenye kidole. Aliuliza jambo moja tu: "Na wazee?"

Nikawaambia wazee pia, jambo kwa jambo.

Sasa Tluway anakula na amerudi kulima. Tangu utoto wetu aliniamkia shikamoo hata kabla sijageuka kumwona. Siku hizi tukikutana njiani husema, "Habari za asubuhi," kama anavyomsalimia mpita njia, na haachi kutembea. Nami hujibu, "Nzuri."

Ndugu zangu, nawasihi. Mkanda wenye ufa ukate vipande, hata kama mwenyewe amesimama mlangoni anausubiri. Na kama umechelewa, sema umechelewa. Ningesema neno hilo asubuhi ile, ningeona aibu kidogo mbele ya mdogo wangu, na mama angechelewa kliniki.

Angechelewa tu...